Wiki 3 zinatosha kujiandaa na Lushoto?

Dada, umeuliza kama wiki 3 zinatosha kujiandaa kupanda Lushoto, kule kwenye milima ya Usambara, kwa baiskeli. Zinatosha, kama mjini unaendesha tayari. Panda kilima leo, kesho pumzika, na Jumamosi kaa kwenye siti masaa matatu mfululizo ili makalio yazoee.

Kinachonipa wasiwasi ni breki. Kutoka Mombo, mji ulio chini ya milima, ni kilomita 33 hivi za kupanda, na kurudi ni mteremko wenye kona kali. Fungua raba za breki uzitazame: mifereji ikiwa imefutika, badilisha kabla hujaondoka. Mimi niliwahi kuzipuuza. Katikati ya mteremko chuma kikaanza kusaga rimu, nikashuka nikaikokota baiskeli. Ukiteremka bana, achia, bana tena. Usizishikilie muda wote, zitapata moto.

Upepo usijaze mpaka tairi liwe jiwe. Kwa tairi pana lenye tyubu, psi 30 hivi (kipimo cha upepo kwenye pampu) zinafaa njia za udongo. Beba tyubu ya akiba, solesheni na viraka, pampu, maji lita 2. Helmeti ni lazima. Na mvua ikinyesha subiri, ule udongo mwekundu unateleza vibaya mno.