Homa ya siku ya kumi, na maswali mengine ya dawa nyekundu

Barua za mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zimeelekea upande mmoja: doksorubisini, ile dawa nyekundu ya kemo ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hutiwa mshipani kila baada ya siku 21, mara nyingi pamoja na saiklofosfamaidi, dawa nyingine ya kemo. Tumezijibu kwa pamoja. Katika majibu yote, siku ya kutiwa dawa ndiyo siku ya 1. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, kwa maana karibu kila hatari ya dawa hii ina siku zake.

Assalaam alaykum. Mama yetu alitiwa kemo Mombasa, tukarudi naye Lamu. Siku ya kumi na moja akashikwa na homa na kutetemeka. Zahanati wakampima malaria, hakuna. Wakampa panadol, wakasema ni uchovu wa safari. Usiku alizidiwa, tukamkimbiza hospitali akalazwa. Alhamdulillahi amepata nafuu, lakini dripu ya pili yakaribia. Homa ikirudi twafanyaje? – Mkomani, Lamu

Waalaykum salaam, na poleni sana. Alichopata mama yenu ndicho kinachoua zaidi katika matibabu haya, nacho hutibika kikiwahiwa.

Doksorubisini huua seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni hivyo, lakini uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, nao ni hivyo hivyo. Seli nyeupe huanza kushuka baada ya wiki moja, hufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda tena hadi siku ya 21. Ndiyo sababu dripu inayofuata husubiri wiki tatu, na ndiyo sababu damu hupimwa kabla yake. Katika siku zile za chini, bakteria wa kawaida wa mdomoni au tumboni wanaweza kuingia kwenye damu bila wa kuwazuia. Usaha hauonekani, pengine hata kikohozi hakuna. Homa huwa ndiyo dalili pekee.

Kwa hiyo nunueni kipimajoto cha dijitali kabla ya dripu ya pili. Pimeni asubuhi na jioni kuanzia siku ya 7, na wakati wowote mama akijisikia baridi. Kikisoma 38 au zaidi, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku wa manane. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, basi kikionyesha 37.5 na mgonjwa anatetemeka au amelegea, msingoje kifike 38. Akinywa chai ya moto, ngojeni nusu saa kabla ya kupima mdomoni. Njia ya haja kubwa isitumike kabisa, kwa kupima wala kwa kuweka dawa, kwa sababu mchubuko mdogo pale ni mlango wa maambukizi.

Panadol isitolewe kabla ya kupima. Huishusha homa kwa saa chache, maambukizi yakaendelea kukua chini yake. Deksamethasoni inayotolewa kuzuia kutapika nayo huweza kuificha homa. Mzee anayetetemeka, anayehema mbio au aliyeanza kuchanganyikiwa apelekwe hata kama kipimajoto kinasoma kawaida.

Sasa malaria. Pwani yetu tumezoea kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kwa mgonjwa wa kemo, geuzeni mazoea hayo. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini jibu lolote litakalotoka lisicheleweshe antibayotiki. Anaweza kuwa na vyote viwili. Mkifika mapokezi msiseme tu “mama ana homa”, maana mtawekwa kwenye foleni ya homa. Semeni: “Ametiwa doksorubisini, leo ni siku ya kumi na moja, ana homa. Tunaomba apimwe damu kamili na aanzishiwe antibayotiki ya mshipa.” Kinachotakiwa ni dozi ya kwanza iingie ndani ya dakika 60 tangu kufika, bila kungoja majibu ya maabara. Katika majibu hayo tazameni nyutrofili, zile seli nyeupe zinazopigana na bakteria: chini ya 500 kwa mikrolita ni hatari kubwa.

Nendeni hospitali iliyo karibu. Mkiwa Lamu mjini, ni King Fahd kwanza, dozi ya kwanza iingie, ndipo yafuate mazungumzo ya kuvuka Mokowe na kupelekwa Mombasa. Mgonjwa wa homa ya namna hii akianzishwa safari ya barabara bila dawa, saa zinazopotea ndizo zilizokuwa zake. Walioko Faza, Kizingitini au Kiwayu wapatane na mwenye boti mapema, namba yake iwekwe, na mafuta yawepo. Jamaa akipatikana Lamu mjini wa kumpokea mgonjwa kuanzia siku ya 8 hadi ya 15, hilo ni bora kuliko boti.

Kwa kuwa mama amekwisha kupata homa hii mara moja, mwulizeni daktari kuhusu filigrastimu, sindano ya kuchochea seli nyeupe. Haichomwi ndani ya saa 24 baada ya kemo. Huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, nayo haitakiwi kuganda, basi mkiisafirisha kwa kisanduku cha baridi, ifungeni kitambaa isigusane na barafu.

Mke wangu alipotoka kwenye dripu alikojoa mkojo mwekundu. Tulishtuka sana. Siku ya tatu ukawa wa kawaida. Je, ile ilikuwa damu? – Maweni, Malindi

Hapana, bwana. Ilikuwa rangi ya dawa yenyewe. Doksorubisini hutoka na mkojo wa rangi ya chungwa au nyekundu kwa siku 1 hadi 2, na hata jasho na machozi huweza kuchukua rangi hiyo. Hakuna maumivu, na hupotea wenyewe.

Lakini msilizoee jambo hili hata mkaacha kutazama. Kama alitiwa na saiklofosfamaidi, nayo ikivunjwa mwilini hutoa akrolini, kemikali inayounguza ukuta wa kibofu. Damu ya kibofu ina alama zake: mkojo unachoma, unakuja kidogo kidogo mara nyingi, pengine na mabonge, na wekundu unaendelea au unaanza baada ya siku ya 3. Huo ni wa kupelekwa hospitali.

Kinga yake ni maji. Anywe lita 2 hadi 3 kwa siku, siku ya dripu na siku mbili zinazofuata, isipokuwa daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Ajaze chupa mbili za lita moja na nusu asubuhi, jioni ziwe tupu au karibu na tupu. Uji mwepesi unahesabika, dafu pia. Dafu likatwe nyumbani kwa kisu kilichooshwa, linywewe papo hapo. Maji ya kisima au ya birika la mvua yachemshwe yatokote kwanza. La pili ni kukojoa: kila saa mbili mchana, kabla ya kulala, na aamke mara moja usiku. Maji yakinywewa kisha yakakaa kibofuni usiku kucha, akrolini hukaa nayo.

Nesi alinikanya nisiusogeze mkono dawa ikiingia, na niseme nikisikia moto. Kwa nini? Na je, ikivuja, nikande kwa maji ya moto? – Pate

Usikande, bibi. Tunaomba hili lisomwe hata na wanaokuuguza nyumbani, kwa maana kukanda kwa moto ndilo wazo la kwanza kwetu sote.

Doksorubisini ikitoka nje ya mshipa huua nyama inayoigusa, na haimalizi upesi: hushikamana na vinasaba vya seli, seli ikifa dawa hutoka ikaingia jirani yake. Ndiyo maana pahali panaweza kuonekana pamevimba kidogo tu leo, kisha baada ya siku au wiki pakawa donda linalofika kwenye kano na kuhitaji upasuaji.

Dawa hii haipaswi kutiwa kwenye kanula (mrija mdogo wa mshipani) ya jana wala kwenye mshipa wa kiwiko, ambapo uvujaji hauonekani mapema. Muuguzi huchagua mshipa mzuri wa mkono wa chini, hupitisha maji ya chumvi kwanza, huvuta kuona damu inarudi, ndipo huisukuma polepole kwa dakika kadhaa huku maji ya chumvi yakiendelea kutiririka. Kazi yako ni kuutazama mkono na kusema. Moto, kuchoma, kukaza, uvimbe, au hata hisia ya ubaridi mahali pamoja: sema wakati huo huo, usione haya, usingoje amalize. Na usiende kutiwa dawa umejipaka piko jipya mikononi. Chini ya rangi ile nyeusi wekundu wa ngozi hauonekani.

Ikivuja, muuguzi husimamisha dawa, lakini haing'oi kanula mara moja. Kwanza huvuta kwa bomba kile kinachoweza kurudi, ndipo huitoa. Pahali huzungushiwa alama ya kalamu, mkono huinuliwa, na huwekwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku, kwa siku moja hadi mbili. Hapasuguliwi. Ipo dawa ya kupinga madhara haya, deksrazoksani, nayo hutakiwa ianze ndani ya saa 6. Uliza kabla ya siku yako kama hospitali unayotibiwa inayo.

Utasikia mgonjwa mwenzako akisema yeye aliambiwa akande kwa joto. Huenda ni kweli: vinkristini, dawa nyingine ya kemo, ikivuja hutakiwa joto. Maagizo ya dawa moja yasivae dawa nyingine.

Ukirudi Pate ukaona wekundu, maumivu au lengelenge mahali pa sindano, hata ikiwa siku ya 8, piga picha, uipeleke hospitali nawe mwenyewe ukiifuata.

Dada yangu atiwa kemo nami ni mjamzito, twaishi nyumba moja na choo kimoja. Nihame? – Langobaya Road, Malindi

Usihame. Kumkumbatia, kula naye, kulala chumba kimoja, hayo hayana ubaya. Kinachobeba dawa ni mkojo, kinyesi, matapishi na jasho jingi, na kwa doksorubisini tahadhari huchukuliwa kwa siku 5 baada ya kila dripu.

Siku hizo wewe usisafishe choo, usimwage ndoo ya matapishi, usifue shuka zake. Atakayefanya avae glavu, kisha anawe kwa sabuni. Dada akae chini anapokojoa ili mkojo usirukie sakafu, choo cha kuvuta kifunikwe na kivutwe mara mbili. Cha shimo kimwagiwe ndoo ya maji na kifunikwe. Kanga na shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili. Zikingoja kufuliwa zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na watoto.

Dada naye, kama yuko katika umri wa kuzaa, asishike mimba wakati wa matibabu na miezi 6 baada ya dripu ya mwisho, na asinyonyeshe. Wenye ndoa watumie kondomu katika siku zile 5, hata kama kuna njia nyingine ya kuzuia mimba.

Je, nifunge Ramadhani nikiwa kwenye kemo? – Shela, Lamu

Siku ya dripu na siku mbili zinazofuata, maji tuliyoyataja hapo juu hayawezi kuingia baina ya futari na daku pekee bila kibofu kuumia. Siku ya 7 hadi ya 14 mwili ni dhaifu na vidonda vya mdomo huwa viko kileleni. Zinabaki siku chache mno. Sura ya al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mpelekee sheikh wako maelezo ya daktari, akuelekeze kama ni kulipa au fidia.

Habasoda, shubiri, mwarobaini: naweza kuchanganya? – Watamu

Si katika miezi ya kemo. Doksorubisini husafishwa na ini na kutoka kwa nyongo. Ini likichoka, dawa hubaki damuni na sumu yake huongezeka, hata madaktari hupunguza dozi kwa nusu bilirubini, kipimo cha damu cha kazi ya ini, ikipanda kati ya miligramu 1.2 na 3 kwa desilita. Dawa ya miti isiyojulikana kipimo huweza kulichosha ini hilo bila mtu kujua, na shubiri huharisha, jambo linalomaliza maji mwilini. Habasoda kidogo iliyonyunyizwa juu ya mkate ni chakula. Vijiko vya mafuta yake kila siku ni dawa, na daktari aambiwe.

Nilitibiwa miaka sita iliyopita, ugonjwa umerudi. Daktari mpya hataki kuanza mpaka nilete karatasi za zamani, nami sizioni. Kwani damu mpya haimtoshi? – Mpeketoni

Haimtoshi, na ana haki ya kusubiri. Doksorubisini hudhoofisha misuli ya moyo, na moyo hauisahau: dozi za miaka yote hujumlishwa. Hatari hupanda kwa kasi jumla ikipita miligramu 450 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili (hukokotolewa kwa urefu na uzito), na kikomo hushushwa kwa aliyepigwa miale kifuani. Epirubisini na daunorubisini, dawa za jamii moja nayo, nazo huingia katika hesabu hiyo.

Mpango wa kawaida ni miligramu 60 kwa mita mraba, mara nne, yaani 240. Mtu mwenye mita mraba 1.6 hupata miligramu 96 kila mara. Lakini kama ulitiwa mara sita, au ulihamishiwa dawa nyingine katikati, hakuna kipimo cha damu kitakachomwonyesha. Eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) itamwonyesha moyo ulivyo leo, haitamwambia umebakiwa na nafasi kiasi gani.

Rudi hospitali ya kwanza, ofisi ya kumbukumbu, na kitambulisho na mwaka wa matibabu, uombe muhtasari wenye jina la dawa, miligramu za kila dripu na tarehe. Ukikosa faili, uliza famasia au chumba cha kemo, ambako huwa na daftari lao la kuchanganya dawa. Wakati ukingoja, mwambie daktari ikiwa miguu yavimba, au ikiwa huwezi kulala bila mito miwili kwa kukosa pumzi. Dalili hizi huweza kuanza hata miaka mingi baada ya dripu ya mwisho.