Kubalansi ikwesheni za kemia: usiguse namba za chini

Mkuu, umesema mdogo wako yuko kidato cha tatu na akibalansi ikwesheni, yaani kusawazisha idadi ya atomu za kila aina pande zote mbili za mshale, anabahatisha namba mpaka zikubali, halafu kwenye mtihani hazikubali. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilibalansi kwa kufuta, daftari likatoboka.

Kosa langu lilikuwa hili. Tulipewa H₂ + O₂ → H₂O. Nikaona kushoto oksijeni mbili, kulia moja. Nikachomeka ka-2 chini ya O, ikawa H₂O₂, pande zote sawasawa, nikapiga mstari kwa raha zangu. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haya, kunywa." Kumbe H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ukisafishia kidonda. Nilikuwa nimebadilisha kitu chenyewe ili hesabu ikae.

Kilichonifungua macho ni bajaji. Bajaji ina matairi matatu. Ukibakiwa na matairi ya ziada hulifungi la nne kwenye bajaji ileile, unatafuta bajaji nyingine. Namba ndogo ya chini ni matairi, ndiyo inayoifanya bajaji iwe bajaji. Namba kubwa ya mbele ni idadi ya bajaji, na hiyo tu ndiyo unayoruhusiwa kuigusa. Kwa hiyo maji yanakuwa 2H₂ + O₂ → 2H₂O, basi.

Sasa utaratibu. Chukua butani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia: C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Watu wengi wanaanza na oksijeni na hapo ndipo wanapozama, kwa sababu kulia imekaa sehemu mbili. Oksijeni ya kushoto iko peke yake, ukiiongeza haimvurugi mwingine, kwa hiyo iache iwe ya mwisho. Anza na kaboni: nne, weka 4CO₂. Haidrojeni kumi, weka 5H₂O. Sasa hesabu oksijeni za kulia: 8 na 5, jumla 13. Kushoto zinakuja mbilimbili, 13 haigawanyiki kwa mbili. Hapa mimi nilikuwa nafuta kila kitu na kuanza upya. Usifute! Andika sita na nusu kwa penseli, kisha zidisha mstari mzima kwa mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Hakiki: kaboni 8, haidrojeni 20, oksijeni 26, huku na huku.

Penye mabano, kundi likivuka mshale bila kuvunjika, lihesabu kama kitu kimoja. Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄: salfeti (SO₄) tatu kwa tatu, OH sita kwa sita. Anayehesabu oksijeni mojamoja hapo atafika 18, ila atafika amechoka.

Lakini mkuu, kabla ya yote hayo mpime kwenye fomula. Mwambie aandike kalsiamu kloraidi bila kutazama daftari. Akiandika CaCl badala ya CaCl₂, tatizo si kubalansi, ni valensi, yaani uwezo wa kila elementi kuungana na nyingine, na atasumbuka bure mpaka azishike. Nimewafundisha madogo kadhaa mtaani na karibu wote walikuwa wanavuja hapo. Shuleni tulikuwa tunapitishwa valensi haraka kama kituo cha daladala kisicho na abiria.

Jambo jingine ambalo mimi nilichelewa kulijua: ikwesheni kukaa sawa haina maana kwamba kitu hicho kinatokea. Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂ imebalansi vizuri kabisa, ila tumbukiza waya wa shaba (Cu) kwenye asidi hiyo (HCl) iliyozimuliwa, utakaa mpaka jioni hujaona kiputo. Kwanza ajue nini kinatoka, ndipo ahesabu.

Leo usiku mpe hii, asiangalie popote: NH₃ + O₂ → NO + H₂O. Namba zake ni 4, 5, 4, 6. Akikuletea karatasi yenye NO₂ kulia, mrudishe kwenye bajaji.