Fundi wa Mazulia Anajibu: Rangi Ije Mwisho

Fundi, shikamoo. Sebule yangu ina mita 4 kwa 5. Nilinunua zulia la sentimita 120 kwa 170. Dukani lilinivutia mno, lakini nyumbani linaonekana kama taulo iliyosahauliwa sakafuni. Mume wangu anasema tusogeze makochi, mimi nasema rangi ndiyo imekataa. Tuamue. – Mwenye Taulo

Marahaba, mwanangu. Nyote wawili mmekosa, na rangi haina hatia.

Dukani zulia hutandikwa juu ya wenzake au huning'inizwa ukutani. Hakuna kochi pembeni wala meza ya kulilinganisha nalo, kwa hiyo kila zulia huonekana kubwa. Nimeshona kingo za mazulia kwa miaka mingi, na malalamiko ya "limekuwa dogo" nimeyasikia mara nyingi kuliko mengine yote. La kubwa kupita kiasi naletewa mara chache sana.

Anza na miguu ya makochi. Miguu ya mbele ya kila kochi na kiti ikanyage zulia, na iingie ndani sentimita 20 hivi. Ya nyuma inaweza kubaki sakafuni. Hapo viti huonekana vimekaa pamoja, badala ya kila kimoja kuelea kivyake. Kwa sebule yako ningeanza kujaribu la 200 kwa 300. Kama makochi yamezunguka pande tatu, panda hadi 240 kwa 340. Ukutani acha sakafu ionekane, isipungue sentimita 30 hadi 45. Chumba kikiwa kidogo, 20 zinatosha.

Kabla ya kutoa pesa, tandaza magazeti ya zamani kwa kipimo hicho hicho, uyabane kwa utepe wa gundi wa karatasi. Yaache siku mbili. Piteni juu yake, vuteni viti, na kila mlango ufunguliwe mpaka mwisho. Naisisitizia milango kwa sababu zulia la kwanza la nyumbani kwangu nililipima upana na urefu, unene nikausahau. Mlango ulifunguka kiasi cha mtu kupita ubavu. Ilibidi nimwite seremala aukwangue chini, naye alicheka kazi nzima.

Hilo dogo usilitupe. Lipeleke chumbani penye kiti cha kusomea, au litandike juu ya zulia kubwa la katani lililosukwa bapa. Likipata wa kulibeba, hutalidharau tena.

Meza yetu ya kulia ina sentimita 90 kwa 180. Viti vikivutwa, miguu ya nyuma inaanguka nje ya zulia na mgeni anayumba. Nifanyeje? – N.

Ongeza sentimita 60 kila upande wa meza, maana huo ndio mwendo wa kiti kinapovutwa mtu akiwa bado amekaa. Utapata 210 kwa 300, na zulia la 200 kwa 300 litakupunja upande mmoja. Chukua 240 kwa 340. Chumba kikikataa kipimo hicho, meza ikae bila zulia kabisa. Zulia la nusu chini ya meza ya kulia ni mtego. Pia liwe la manyoya mafupi, kwa sababu wali ukiingia kwenye manyoya marefu utaukuta mwaka kesho.

Fundi, nimeonyeshwa zulia laini linalong'aa kama maji. Muuzaji anasema ni "hariri", ila bei yake ni ndogo kuliko ya sufu. Nina watoto wawili. Halafu naogopa sufu haidumu. – Mama wa Mapacha

Hariri iliyo rahisi kuliko sufu? Hapo nusu ya jibu umeshaisema mwenyewe. Mara nyingi hiyo ni viskosi, uzi unaotengenezwa kwa nyuzinyuzi za miti. Unang'aa kweli, na mguu unaufurahia. Lakini ukilowa unapoteza nguvu, na hata tone la maji safi huweza kuacha alama. Kwa nyumba ya mapacha, mimi nisingelinunua hata wakinipunguzia.

Kuna kipimo cha moto. Omba ruhusa, uchomoe uzi mmoja tu kwenye manyoya, uende nao nyumbani. Ushike kwa kibano juu ya sinki na uuwashe, watoto wakiwa mbali. Sufu na hariri halisi hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Viskosi hunuka karatasi. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, nao usiuguse mpaka upoe.

Plastiki siidharau. Polipropilini, aina mojawapo ya plastiki hiyo, hainywi maji, kwa hiyo doa hutoka bila vita, na kwa miaka ya watoto kumwaga vikombe inafaa. Tatizo ni kwamba manyoya yake hulala mahali panapokanyagwa sana, na kuyainua tena ni kazi. Manyoya ya sufu hujiinua. Sufu pia ina mafuta ya asili ya kondoo, yaani lanolini, ndiyo maana kinywaji kikimwagika unapata nafasi ya kukimbilia kitambaa. Gandamiza, usisugue. Miezi ya mwanzo itapukutisha vumbi la nyuzi mpaka uchoke, na huo si ubovu.

Kuhusu kudumu: mwaka 1949 wachimbuaji walikuta zulia la sufu kwenye kaburi lililoganda barafu huko Pazyryk, katika milima ya Altai. Lina umri wa zaidi ya miaka 2,000, na sasa liko katika jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg. Farasi waliofumwa pembeni bado wanaonekana. Lile lilitunzwa na barafu, lako litasubiriwa na nondo. Viwavi wake hula sufu mahali penye giza pasipoguswa, hasa chini ya kochi. Kwa hiyo ukifyonza vumbi, sogeza kochi pia, na kila baada ya miezi sita hivi lizungushe zulia, upande wa dirishani uende ndani.

Matamvua ya zulia langu yamechakaa. Niyakate? – K.

Ligeuze kwanza. Kama matamvua yameshonewa ukingoni kama utepe, kata au bandua. Kama yanatoka ndani ya zulia lenyewe, hiyo ni mitande, yaani uti wa mgongo wake. Ukiikata na kuacha ukingo wazi, mafundo yataanza kuachia. Weka mkasi chini, mpelekee fundi aufunge ukingo.

Mama mkwe wangu ana miaka 78 na amehamia kwetu. Juzi nusura ateleze koridoni kwenye zulia jembamba. Kuna dawa ya kulishika? – Mkwe

Ipo. Weka chini yake tandiko la kuzuia kuteleza, liwe pungufu kwa sentimita 2 au 3 kila upande ili lisichungulie. Sakafu yako ikiwa ya vinili, epuka tandiko la mpira, huacha madoa yasiyofutika. Pembe zilizojikunja zikunje kinyume na uziwekee uzito usiku kucha.

Lakini dawa hiyo ni ya sebuleni. Mzee anayeburuta miguu akisema "nimeteleza", huenda si kuteleza. Mara nyingi kidole kimenaswa na ukingo, na tandiko haliondoi ukingo. Njia ya kutoka kitandani mwake hadi msalani iondolee zulia leo. Mimi naishi kwa mazulia, na la mama yangu nililikunja mwenyewe.