Maswali yenu: nani aligundua sinema, na mengine

*Tulifundishwa Edison ndo aligundua sinema. Ni kweli?*

Hapana. Na jamani someni majibu ya nyuma kabla hamjatuma, hili naletewa kila mara.

*Sasa kama si yeye ni nani? Taja jina moja, kuna ubishi huku kijiweni.*

Jina moja halipo, na anayekupa moja anakudanganya. Pale West Orange, Marekani, kwenye maabara ya Edison, aliyehangaika hasa ni mwajiriwa wake, William Dickson, ndo alokata ukanda wa milimita 35 wenye matundu manne kila upande wa picha, kipimo ambacho sinema za dunia zimekitumia karne nzima na ushee, ila kwenye sanduku jina likawa la bosi. Na sanduku lenyewe, Kinetoscope, unainama unachungulia peke yako, hakuna ukuta wala watazamaji. Halafu 1896 Wamarekani wengine wawili, Jenkins na Armat, wana projekta yao tayari, ikazinduliwa New York kama Vitascope ya Edison, kisa jina lake linauza. Mimi huo siuiti ugunduzi, ni biashara.

*Ndugu Lumière walimzidi nini?*

Kamera ya Edison ilikuwa dude zito la umeme. Ya hao ndugu wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, kama kilo tano, unazungusha kwa mkono, inapiga picha, inasafisha nakala na inaonyesha ukutani, zote humohumo. Lakini utamu uko ndani. Wengi mnadhani ukanda unakimbia tu mbele ya taa, ungekimbia hivyo ungeona ukungu mtupu. Kila picha lazima isimame, imulikwe, kisha mwanga uzibwe wakati inayofuata inavutwa, kama mara 16 kwa sekunde. Louis aliweka kucha mbili: zinaingia kwenye matundu, zinavuta chini, zinachomoka, zinarudi juu. Wazo alilitoa kwenye cherehani, vile kitambaa kinasogea kidogo kinasimama sindano ishuke. Mwenye cherehani nyumbani azungushe gurudumu polepole aangalie chini ya mguu wa cherehani, ataelewa kuliko video kumi za mtandaoni.

*Onyesho la kwanza la kulipia ni Paris 1895, watu wakakimbia treni?*

Paris ni 28 Desemba, kiingilio faranga moja, na filamu ya treni haikuwemo kabisa siku hiyo. Hizo mbio za watu kuikimbia treni ya kwenye picha wanahistoria wengi wanaziona ni chumvi. Tena ndugu Skladanowsky walishatoza watu Berlin tangu 1 Novemba, ila mashine yao ya kanda mbili ilikuwa usumbufu, ndo maana hamuwajui.

*Nimekuta mikanda ya zamani stoo, naweza kuitazama kwa projekta ya kuazima?*

Usithubutu kabla hujajua ni ya nini. Kama ni milimita 35 na ya kabla ya miaka ya 1950 yaweza kuwa nitreti, aina ya plastiki ya zamani inayowaka upesi, ikishika moto haizimiki hata ukiitosa kwenye maji maana inajitolea oksijeni yenyewe. Na usiijaribu kwa kiberiti, najua mtu ameshafikiria. Itoe stoo, iweke penye ubaridi mbali na jiko, wapigie watu wa nyaraka za taifa.

*Le Prince aliuawa na Edison?*

Huyu Louis Le Prince, mvumbuzi Mfaransa, alipanda treni Dijon, Ufaransa, Septemba 1890 hakuonekana tena, na alishapiga picha zinazotembea Leeds, Uingereza, 1888. Ushahidi wa mauaji hakuna, acheni kusambaza.