Gari la dizeli la zamani likigoma kuwaka, usianze na pampu

Nikimsikia fundi anatamka "hiyo ni pampu" kabla hata hajafungua boneti, namhurumia mwenye gari. Pampu ya dizeli ni kifaa cha gharama, na ikishafunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia, hairudi ilivyokuwa. Ninavyojua mimi kwa gari langu na ya majirani, ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi haina kosa.

Ninatumia Hilux yenye injini ya 3L, lita 2.8, huku Njombe ambako asubuhi za Juni na Julai hazina huruma. Ninayoyaeleza yanafaa kwa ndugu zake pia: 2L, 5L, Hiace za dizeli za zamani, na hata 1HZ ya Land Cruiser. Hizi pampu yake inaendeshwa na injini yenyewe, na hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi.

Anza na moshi. Mwambie mtu apige stata, wewe simama nyuma uangalie ekzosi. Kama stata inazunguka vizuri na hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi unakwambia mafuta yanafika ila hayaungui: plagi za hita (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), kompresheni (mbano wa hewa) au taimingi (wakati wa kupulizia mafuta). Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, basi kaangalie filta ya hewa kwanza. Wa bluu ni oili inayoungua. Ukishajua hilo, nusu ya kazi umeimaliza bila kugusa spana.

Betri usiipuuze. Injini hizi hubana hewa takribani mara 22, ndipo joto la kuwasha dizeli lipatikane, na stata ikizunguka kwa uvivu joto hilo halifiki. Weka mita kwenye betri wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya volti 10 hivi, shughulikia betri, vichwa vyake, na waya wa nyuta (ule wa hasi) unaokwenda kwenye injini, kabla ya kumtuhumu mwingine.

Kama hakuna moshi, washa swichi bila kupiga stata, usikilize kwenye pampu. Unatakiwa usikie "tik" moja ndogo. Hiyo ni swichi ya kukata mafuta inayofunguka. Isipolia, pima kama umeme unafika kwenye waya wake. Waya uliochomoka hapo unaweza kulifanya gari zima lionekane limekufa.

Sasa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndio ugonjwa mkuu wa magari haya. Pampu inavuta mafuta kutoka tangini, haisukumiwi. Kwa hiyo bomba likiwa na ufa mdogo, huoni tone lolote chini ya gari. Injini ikiwaka, ufa unanyonya hewa, gari linamisi na kukosa nguvu. Ukilizima, hewa inaingia kupitia ufa huohuo na mafuta yanarudi taratibu tangini, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inalia. Ndiyo maana gari kama hilo huwaka likiegeshwa pua ikitazama mteremko, likagoma likiegeshwa kinyume. Ukiona dalili hiyo, acha kuwaza pampu.

Upepo unapoingilia, kwa kawaida, ni pale juu ya filta ya dizeli, kwenye kile kitufe cha kupampu kwa mkono: raba yake ya ndani hukauka. Halafu kuna raba ya bomba la kunyonya, klipu zilizolegea, oringi ya kidude cha kutolea maji chini ya filta, na vile vibomba vidogo vya riteni (vya kurudisha mafuta yanayobaki) vinavyounganisha nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Vibomba hivyo ni vya bei ndogo sana. Vikianza kulowa, badilisha vyote.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, liweke juu kuliko injini, mbali na ekzosi. Chomoa bomba linaloingia kwenye pampu, unganisha bomba la plastiki linaloonyesha ndani kutoka kwenye dumu, na riteni nayo irudishe humohumo. Toa upepo, washa. Gari likiwaka na kutulia, pampu yako ni nzima, na tatizo liko kati ya tangi na pampu, filta ikiwemo. Likiendelea kugoma, au mapovu yakiendelea kuonekana, sogea mbele. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Mwombe fundi akifanye mbele yako.

Wakati huo mwaga dizeli kidogo ya filta kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji hukaa chini, kutu na matope utayaona. Wengi huku tunanunua dizeli ya madumu, na tunajua habari za kuchakachua. Serikali ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iishe. Sababu inatuhusu moja kwa moja: pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo.

Moshi ukiwa mweupe asubuhi, pima plagi za hita. Ondoa kile kibati kinachoziunganisha, shika taa ya testa kwenye chanya ya betri, gusisha kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Gari linaweza kukaa Dar es Salaam mwaka mzima na plagi mbovu bila mwenyewe kujua, likapanda Makambako likagoma alfajiri ya kwanza. Unaponunua mpya, soma volti iliyoandikwa. Ukikosea zinaungua upesi. Na usikubali kupuliziwa petroli wala spirei kwenye njia ya hewa. Inalipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi.

Likiwaka lakini linatetemeka, legeza kwa spana namba 17 nati ya bomba la nozeli moja, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Vaa miwani, mkono usiukaribishe: mafuta yale hupenya ngozi. Kwenye injini za komoni reli, zile dizeli za kisasa zenye bomba moja la presha kwa nozeli zote, usithubutu kabisa, huko presha hupita baa 1,000.

Badilishana nozeli ya silinda hiyo na ya jirani, kwa washa mpya za shaba. Kasoro ikihama, ni nozeli. Ikibaki palepale, pima kompresheni na utazame alama za mkanda wa taimingi. Yote hayo yakiwa sawa, pampu ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na umweleze ulichokwisha kukagua, ili asianze upya kwa pesa yako.