Niliahidi karo ya mtoto madhabahuni: nikilipa shule, nimemweka Mungu wa pili?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni hapa Busia, Uganda, na baba watoto ni mtu wa bodaboda. Majuzi kwenye mkesha mhubiri alifundisha Mathayo 6:33, akasema anayemweka Mungu kwanza humpa ile pesa anayoitegemea. Nikainua mkono, nikaahidi shilingi 350,000. Ni karo ya binti yangu wa darasa la saba. Mume wangu aliposikia usiku ule ule alikataa kabisa. Sasa mhubiri ananipigia simu, ananiambia nadhiri isiyolipwa huleta laana nyumbani. Pesa bado ninayo. Nifanye nini?

JIBU: Mama, barua yako umeiandika kwenye karatasi iliyochanwa daftari la mtoto. Upande wa pili kuna hesabu zake za sehemu, zimesahihishwa kwa wino mwekundu, nane kwa kumi. Nilizitazama muda mrefu kabla sijafungua Biblia. Kwa hiyo sitakuzungusha: peleka pesa hiyo shuleni. Hujamweka Mungu wa pili, na hakuna laana inayokungoja mlangoni.

Najua lakini kwamba umepewa maandiko, na mtu aliyetishwa kwa maandiko hatulizwi kwa huruma tupu.

Mhubiri wako anasimamia Mhubiri 5:4, kwamba ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa. Ni neno la kweli, nami silipunguzi. Ila swali lako Bwana Yesu alishaulizwa karibu lilivyo, na jibu lake liko Marko 7. Watu wa siku zile waliweza kutamka juu ya mali yao, “Korbani”, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha baba na mama wazee wakakosa msaada. Walimu wa dini wakasema neno limeshatoka, haliwezi kurudi. Yesu hakusema, “Kweli, Mungu kwanza, wazee watajijua.” Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Angalia vizuri, mama: ile ilikuwa nadhiri, tena imetajwa kwa jina la Mungu, na Yesu alisimama upande wa wale waliokuwa wananyang'anywa haki yao. Binti yako yuko mahali walipokuwa wazee wale.

Tena pesa ile haikuwa yako peke yako. Ni ya mukene wako na ni ya pikipiki ya mumeo. Hata torati, katika Hesabu 30, ilijua kwamba nadhiri ya mke inagusa nyumba nzima: mume akiikataa siku ile aliyoisikia, imetanguka, na Bwana atamsamehe yule mwanamke. Silitaji andiko hili ili mumeo awe bwana wa imani yako. Nalitaja kwa sababu anayekudai kwa torati angeisoma mpaka mwisho.

Kuna hadithi ninayoisikia katika kila mkutano wa kuchangisha: mjane wa Sarepta, aliyeambiwa na Eliya, “unifanyie kwanza mkate mdogo.” Wanaishia pale kwenye neno “kwanza”. Hawasemi kwamba ahadi ilitoka kwa Bwana mwenyewe kwa mwanamke yule, katika njaa ile. Hawasemi kwamba mama yule na mwanawe walikula, na unga haukupunguka, na mtoto alipokufa nabii alimbeba juu chumbani kwake, akamlilia Mungu mpaka uhai ukamrudia. Mtumishi anayetaka mkate wa Eliya auchukue na mzigo wa Eliya. Na yule mjane wa Marko 12, aliyetoa senti mbili zake zote? Mistari miwili tu kabla yake, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi, yaani walimu wa torati, wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Sijui mahubiri hayo huwa yanarukaje mistari hiyo.

Nasema kwa ukali kwa sababu nchi yetu imeshaona mwisho wa njia hii. Kule Kanungu watu waliuza mashamba na vitu vyao, wakawakabidhi viongozi wa kundi lao la dini kwa jina la Mungu, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya nyumba ya sala. Simfananishi mhubiri wako na wale. Nasema mwanzo ulikuwa kuwafundisha watu kuogopa kuuliza.

Turudi Mathayo 6:33: “Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake.” Mambo mawili. Ufalme unahubiriwa kila Jumapili. Haki inaachwa hapo hapo kwenye mstari. Mtoto aliyeahidiwa shule na mzazi wake ana haki, na anayemtimizia anautafuta ufalme. Paulo anaongeza kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani.

Utaniuliza, je, hakuna wakati wa kumchagua Mungu na kuacha vingine vyote? Upo. Kila tarehe 3 Juni tunakwenda Namugongo kuwakumbuka vijana waliochomwa mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin juu ya mauaji. Wale walitakiwa watende dhambi, au wanyamaze mbele ya dhambi, wakakataa. Sasa niambie, karo ya binti yako inakutaka utende dhambi gani?

Kwako wewe, Mungu kwanza kutaonekana sokoni, kwenye lile kopo unalopimia mukene, kama limejaa kwa mtoto aliyetumwa kama linavyojaa kwa mama mzima. Kutaonekana katika sala yako ya alfajiri hata kama ni ya dakika tano. Sadaka toa, tena kwa furaha, kutoka katika kile ambacho wewe na mumeo mmekubaliana.

Kosa lako moja ni kwamba uliahidi bila kumwambia mwenzako. Mwombe radhi jioni moja akiwa ametulia, ameshakula. Nami nilipokuwa mchungaji kijana niliahidi mambo mengi kanisani ambayo mke wangu aliyasikia kwa watu, kwa hiyo najua ukimya unaoingia nyumbani baada ya hapo. Unaondoka polepole.

Laana usiiogope; Wagalatia 3:13 inasema Kristo alishaibeba. Mhubiri akipiga tena, mjibu kwa heshima kwamba ahadi ile umeitubu mbele za Mungu. Akikutaja mbele za watu, njoo kwangu na mumeo, tutakwenda kwake pamoja sisi watatu. Ila Jumatatu, kabla hujafungua kibanda, lipa karo kwanza. Risiti mpe binti yako aipeleke shule mwenyewe.