Maswali yenu kuhusu minyoo: kameza dawa, mbona imerudi?

Mwanangu wa darasa la pili alimeza dawa ya minyoo shuleni. Miezi minne tu, anatoa minyoo tena. Dawa ilikuwa feki? (Mama, Wete)

Kila dawa zikigawiwa shuleni, swali hili halikosi. Kidonge kimoja cha albendazole, miligramu 400, huua minyoo iliyomo tumboni siku hiyo, basi. Hakimlindi mtoto na ya kesho. Mnyoo jike wa mviringo hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Yakipata udongo wenye unyevu na kivuli, ndani ya wiki mbili hadi nne yako tayari kuambukiza, na hukaa ardhini hata miaka. Mtoto akichezea mchanga nyuma ya nyumba kisha akala embe bila kunawa, ameshameza mengine.

Sasa nikuulize mimi: mdogo wake anajisaidia wapi? Majumbani wengi huamini choo cha mtoto mchanga hakina madhara, wakakirusha migombani. Hapo ndipo minyoo inaporudi. Kitupeni chooni, mfukie vizuri kama choo hakuna. Kucha zikatwe kila wiki, na sabuni ikae palepale mlangoni pa choo, isifungiwe kabatini.

Anasaga meno akilala. Ni minyoo?

Hapana. Na sukari haizai minyoo. Nimelijibu hili mara nyingi mno.

Kijana wangu wa miaka kumi anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Tumempa dawa ya minyoo mara mbili, bado. (Baba, Chake Chake)

Acheni kununua dawa kwa kubahatisha! Hiyo ina kila dalili ya kichocho, na albendazole haikitibu. Mpeleke akapimwe mkojo, uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, akiwa ametembea au kurukaruka kidogo, na yale matone ya mwisho yaingie kwenye chupa. Mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Dawa yake ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 30 humeza vidonge viwili vya miligramu 600. Ale kwanza, kwani tumbo likiwa tupu kichefuchefu na kizunguzungu huzidi. Dawa hii haiwamalizi vimelea wachanga, kwa hiyo arudi kupimwa baada ya wiki sita hivi. Akirudi kuogelea kwenye kijito kilekile chenye konokono wanaoeneza kichocho, mtaanza upya.

Wa mwaka mmoja na nusu apewe kiasi gani?

Albendazole miligramu 200, yaani nusu kidonge. Kisageni kati ya vijiko viwili, mchanganye na maji kidogo. Msimbane pua wala kumlaza chali akilia: watoto hupaliwa na kidonge wakafa.

Anavaa kandambili shuleni, safura ameipata wapi? (Muheza)

Shambani na njia ya chooni, anakokwenda pekupeku. Lava, yaani wachanga wa minyoo ya safura, hupenya ngozi ya mguu. Kama viganja na ndani ya kope vimepauka, apimwe damu. Kuua minyoo pekee hakurudishi damu iliyonyonywa, atahitaji na madini ya chuma.

Ametapika mnyoo mrefu, tumbo limejaa na hapati choo. Nimwongeze kidonge?

Usimpe kidonge wala dawa ya kumfanya aharishe. Huenda utumbo umezibwa na fundo la minyoo. Asile wala asinywe chochote, mpeleke hospitali yenye upasuaji leo hii, usiku huuhuu.